Thamostati haina kosa na joto la Mwanza

Gari la zamani likichemsha kwenye mlima wa Bugando, utaambiwa: "Toa thamostati, huku kwetu ni joto." Si kweli. Thamostati ni vali inayozuia maji ya injini kwenda kwenye rejeta mpaka yapate moto; kwa magari mengi hufunguka maji hayo yakifika nyuzi 82 hadi 90, kwa hiyo joto la nje la nyuzi 30 si hoja. Ukiitoa, injini huchelewa kupata moto, hula mafuta na kusagika mapema, huku ugonjwa wenyewe ukibaki: rejeta iliyoziba, feni mbovu, mfuniko wa rejeta uliolegea.

Ipime jikoni, tafadhali, kabla ya kuitupa. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, ubandike jikoni. Mwanza maji huchemka karibu nyuzi 96, yanatosha. Vali ikiinuka taratibu, irudishe na gasketi mpya. Isipoinuka, nunua nyingine.