Je, Wajua Inawezekanaje Kuunganisha Ndege Ndani ya Saa Moja?

Abiria anayenunua tiketi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Frankfurt kupitia Addis Ababa huweza kuingiwa na hofu akiisoma kwa makini. Ndege ya kwanza inatua uwanja wa Bole usiku, ya pili inaondoka usiku huohuo, na katikati pamebaki saa chache tu, pengine saa moja iwapo ya kwanza itachelewa. Muda ambao, jioni yenye foleni, haumtoshi mtu kutoka Posta hadi Kimara. Ndani ya muda huo anatakiwa ashuke, akaguliwe upya, alitafute lango la ndege ya pili katika uwanja asioujua, na wakati huohuo begi lake la kilo 23 litolewe kwenye tumbo la ndege moja na kuingizwa kwenye tumbo la nyingine bila yeye kuligusa. Wapo wanaodhani kwamba shirika limewabana makusudi, au kwamba kompyuta imekosea. Ukweli ni kwamba muda huo umepimwa, na mfumo wa tiketi usingekubali kuiuza safari hiyo kama kipimo hicho kisingetimia.

Ili kuelewa muda huo ulikotoka, chukua miji 30 ya Afrika na miji 30 ya Ulaya, Asia na Amerika. Kuunganisha kila mji wa upande mmoja na kila mji wa upande wa pili kwa ndege ya moja kwa moja kungehitaji njia 900, na nyingi kati ya hizo, kama vile Bujumbura hadi Oslo, zisingepata kila siku abiria wa kujaza hata basi dogo. Lakini ndege zote zikikutanishwa mahali pamoja, njia 60 zinatosha kuzizaa safari zote 900, na mji mmoja mpya ukiongezwa upande wa Afrika, safari 30 mpya zinapatikana kwa ndege moja. Uwanja wa makutano ya namna hiyo ndio unaoitwa kitovu. Shirika la Delta lilianza kuutumia mtindo huu Atlanta mwaka 1955, na baada ya Marekani kuondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za ndege mwaka 1978, mashirika mengine makubwa yakaufuata. Katika eneo letu, Ethiopian Airlines imejijenga juu yake Addis Ababa, Kenya Airways Nairobi, RwandAir Kigali, na ng'ambo ya bahari Emirates ikafanya hivyo Dubai na Qatar Airways Doha.

Makutano hayo hayawezi kuwa ya mahali tu bila kuwa ya wakati. Ndege ya Dar es Salaam ikitua asubuhi na ya Frankfurt ikaondoka usiku wa manane, kitovu hakina maana. Kwa hiyo ratiba hupangwa kwa mawimbi: ndege nyingi hutua kwa pamoja, abiria hubadili ndege, kisha ndege nyingi huondoka kwa pamoja. Pale Bole mawimbi hayo yanaonekana wazi. Alfajiri hutua ndege kutoka Ulaya, Asia na Amerika, na kuanzia kama saa mbili asubuhi ndege za kwenda Entebbe, Kigali, Nairobi, Kilimanjaro, Lubumbashi na kwingineko huanza kuondoka moja baada ya nyingine. Jioni mtiririko hugeuka: Afrika hurudi kati ya saa moja na saa tatu usiku, na kuanzia saa nne hadi karibu saa sita ndege za masafa marefu huondoka. Anayepita ukumbi wa Bole katika saa hizo atasikia Kiswahili cha Bujumbura, cha Lubumbashi na cha Zanzibar katika foleni moja, kwa sababu wimbi limewaleta wote pamoja.

Kuna jambo dogo hapa linalostahili kutajwa. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, na saa zao na za Afrika Mashariki ni zilezile, hivyo Mswahili ni miongoni mwa wageni wachache duniani wanaoweza kuulizia saa Addis Ababa na kujibiwa kwa hesabu waliyoizoea nyumbani. Hata hivyo tiketi na mbao za matangazo hufuata hesabu ya saa 24: 22:40 ni saa nne na dakika arobaini usiku. Anayesafiri kwa mara ya kwanza na aigeuze hesabu hiyo nyumbani, mapema, aiandike pembeni mwa tiketi.

Mtu atauliza kwa nini shirika lisiweke saa tatu za utulivu kati ya ndege mbili. Sababu moja ni kwamba ndege iliyosimama haiingizi kitu, na wimbi likirefushwa, ndege zote hukaa chini kwa pamoja, zikisubiriana. Sababu nyingine iko kwenye skrini ya wakala wa tiketi. Kwa muda mrefu safari za kuunganisha zimekuwa zikipangwa hapo kufuatana na jumla ya muda wa safari, kuanzia ule mfupi. Tiketi yenye kungoja kwingi huteremka chini ya orodha, mahali ambapo wanunuzi wachache hufika. Ni sisi wenyewe, tunapochagua safari ya saa 12 na kuiacha ya saa 15, tunaowafundisha wapangaji wa ratiba kuzikaza dakika.

Kuna, hata hivyo, mpaka ambao hawaruhusiwi kuuvuka. Kila uwanja una kipimo kinachoitwa muda wa chini wa kuunganisha, nacho hutofautiana kati ya safari za ndani kwenda za ndani, za ndani kwenda za kimataifa, za kimataifa kwenda za ndani, na za kimataifa kwenda za kimataifa. Shirika linaweza kuwa na kipimo chake maalumu kwa jengo fulani au kwa njia fulani, na vipimo vyote hivyo huingizwa katika hifadhidata ambayo mifumo ya tiketi duniani huisoma kabla ya kupendekeza safari. Uwanja wa Vienna umejitangaza kwa miaka mingi kwamba dakika 25 zinatosha, kwa kuwa milango yake iko karibu chini ya paa moja. Frankfurt, ambao ni mkubwa zaidi, unajulikana kwa dakika 45. Na katika uwanja kama Heathrow wa London, ambako abiria huenda akalazimika kupanda basi kutoka jengo moja hadi jingine na kukaguliwa tena, muda hurefuka zaidi. Ukubwa wa uwanja pekee hausemi kitu. Kinachopimwa ni umbali wa kutembea, idadi ya vituo vya ukaguzi na jinsi mizigo inavyohamishwa.

Saa moja hiyo, ukiifungua, ina dakika chache kuliko inavyodhaniwa. Saa ya kutua iliyoandikwa kwenye tiketi ni ile ndege inapotakiwa kusimama kwenye maegesho, ilhali mlango haujafunguliwa bado. Aliyekaa viti vya nyuma vya ndege kubwa huweza kusubiri dakika 15 kabla ya kukanyaga ngazi. Saa ya kuondoka nayo ni ile ndege inapoanza kusukumwa. Lango hufungwa dakika 15 au 20 kabla yake. Kwa hiyo kati ya dakika 60, dakika kama 30 zimekwisha kutumika pande zote mbili, na zilizobaki ndizo za basi kutoka maegesho ya mbali, ukaguzi wa usalama na kutembea. Ndiyo maana nasema kwamba kwa abiria wa kuunganisha, kuchagua kiti cha mbele katika ndege ya kwanza kuna faida kubwa kuliko kuchagua dirisha.

Kwenye ukaguzi ndiko watu wengi hupoteza dakika bila sababu. Ukitoka ndege moja kwenda nyingine utakaguliwa upya katika viwanja vingi, hata kama ulikaguliwa vizuri ulikotoka. Kanuni ya vimiminika visivyozidi mililita 100 ilianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji, na bado inatumika sehemu nyingi. Maji uliyopewa ndani ya ndege yatatupwa. Asali ya Tabora ni kimiminika mbele ya mkaguzi, na manukato ya dukani uwanjani yatapita tu yakiwa ndani ya mfuko wake uliofungwa na muuzaji, na haujafunguliwa.

Na begi? Lebo iliyofungwa mpini wa begi pale Dar es Salaam ina namba ya tarakimu kumi, na ndani yake mna tarakimu za shirika lililoitoa, 071 kwa Ethiopian. Namba hiyo inaijulisha mitambo kwamba begi hili linaishia FRA, yaani Frankfurt, na kwamba ADD, yaani Addis Ababa, ni njia tu. Begi la abiria mwenye muda wa kutosha hupelekwa kwenye mikanda, husomwa, hupangwa na kutumwa. Begi la mwenye muda mfupi hutengwa, likapakiwa mahali pa kushushwa haraka, na katika vitovu vingi gari dogo hulichukua chini ya ndege ya kwanza na kulipeleka moja kwa moja chini ya ndege ya pili bila kupita ukumbini. Wafanyakazi wanaoifanya kazi hiyo, usiku, kwa mvua na kwa baridi ya Addis Ababa iliyo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hawaonekani na abiria kabisa, lakini saa moja ile inawategemea wao kuliko inavyotegemea miguu yetu. Tangu Juni 2018 mashirika wanachama wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yanatakiwa kufuatilia kila begi katika hatua nne, mojawapo ikiwa ni hapo linapohamishwa, kwani kuhamishwa ndiko kumekuwa kukipoteza mabegi mengi kuliko hatua nyingine yoyote.

Ndege ya kwanza ikichelewa, uamuzi huhamia kwenye chumba cha usimamizi wa kitovu. Huko wanaona kwamba, tuseme, abiria 14 wa Frankfurt bado wako angani. Je, ndege iwasubiri? Wanahesabu wangapi kati ya walio tayari ndani wataachwa na ndege nyingine huko mbele, saa za kazi zilizobaki kwa marubani, na kama uwanja wa mwisho utawapokea. Frankfurt, kwa mfano, hakuna ratiba ya kutua kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri. Wanaangalia pia kama kuna ndege nyingine hivi karibuni. Njia yenye ndege tatu kwa siku haisubiri mtu. Njia yenye ndege moja tu huenda ikasubiri dakika 15. Na mabegi yakiwa yamepakiwa bila wenyewe kufika langoni, hutafutwa na kushushwa, utaratibu ulioimarishwa baada ya mabomu yaliyofichwa ndani ya mizigo kuangusha ndege ya Air India mwaka 1985 na ya Pan Am mwaka 1988.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo ningependa kila msafiri aielewe kabla ya kulipa. Safari yote ikiwa kwenye tiketi moja, muda wa kuunganisha ni ahadi ya shirika: ukiachwa kwa sababu ndege yao ilichelewa, wao ndio wanaokutafutia nafasi ndege inayofuata bila nauli ya ziada, na kwa kawaida ndio wanaokulaza na kukulisha ukisubiri hadi kesho. Kwa safari inayoanzia Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2004 inaongeza fidia ya hadi euro 600 ukifika mwisho wa safari umechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, hata kama kuunganisha kulivunjikia nje ya Ulaya. Lakini ukinunua tiketi mbili tofauti kwa kuwa zimekuwa nafuu, moja hadi Addis Ababa na nyingine kutoka hapo, hakuna anayekuahidi kitu. Shirika la pili linaona tu abiria ambaye hakufika, na mara nyingi linafuta tiketi. Begi linaweza kuishia katikati, ukalazimika kupita uhamiaji, kulichukua na kulikabidhi upya, jambo ambalo huenda likahitaji viza ambayo huna. Dakika 60 kwenye tiketi moja ni salama kuliko saa tatu kwenye tiketi mbili, na nauli iliyookolewa huliwa yote na tiketi ya dharura inayonunuliwa kaunta.

Mipaka nayo ina sheria zake. Marekani haina eneo la kupita tu: hata anayekwenda Mexico kupitia huko lazima awe na viza au kibali cha kuingia, apite uhamiaji, achukue begi lake na kulikabidhi tena, hivyo saa moja haitoshi. Katika nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, pasipoti hukaguliwa kwenye uwanja wa kwanza, maana yake mtu wa Stockholm anayepitia Amsterdam hupanga foleni Amsterdam. Na mwenye pasipoti ya Kongo (Kinshasa) anahitaji viza ya kupita uwanjani wa Schengen hata asipotoka nje ya ukumbi wa abiria wanaopita tu, isipokuwa awe na kibali au viza ya nchi fulani zinazotambuliwa. Bila hiyo atazuiwa Lubumbashi, kabla ya kufika kwenye kitovu chochote.

Ikitokea abiria amewahi na begi halikuwahi, asiondoke ukumbi wa mizigo bila kuandikisha taarifa na kuonyesha kipande cha lebo alichopewa mwanzo wa safari. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unampa siku 21 tangu alipokabidhiwa begi lililochelewa kudai kwa maandishi gharama alizopata, na siku saba tu ikiwa limefika limeharibika.