Siku ya GIS chuoni: ukitaka ajira ya ramani, anza na nukta

Kila Novemba, tangu 1999, vyuo vikuu duniani huadhimisha Siku ya GIS, yaani siku ya mifumo ya taarifa za kijiografia, na huku kwetu pia hatubaki nyuma. Watafiti hubandika mabango yao, halmashauri na mashirika hupanga meza, wauzaji wa droni nao hawakosi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho huzunguka na wasifu wao mkononi wakiuliza swali lile lile: "Mwalimu, nisome programu gani ili nipate kazi?"

Jibu langu huwakatisha tamaa kidogo. Programu utaijua tu. QGIS, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, ni ya bure, unaipakua leo, na ndani ya miezi michache mtu mwenye bidii anachora ramani inayopendeza macho. Lakini mwajiri mwenye akili hatafuti anayejua kubofya. Anamtaka atakayemwambia nukta hii ilipimwa na nani, lini, kwa kifaa gani na kwa mfumo upi wa koordineti, yaani namba zinazotaja mahali ilipo.

Chukua mfumo uitwao Arc 1960. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda, zile za karatasi za 1:50,000, zilichorwa kwa mfumo huo. GPS ya simu yako hutumia mwingine, WGS 84. Mifumo hii haikubaliani kuhusu umbo la dunia wala kitovu chake kiko wapi, na kwa eneo letu tofauti hiyo huzaa mkengeuko wa takriban mita 300, sehemu kubwa ukiwa wa kaskazini na kusini. Kwenye ramani ya mkoa mzima huenda usiuone. Kwenye mtaa wenye viwanja vya mita 20 kwa 20, hivyo ni viwanja 15. Mwanafunzi anapandisha tabaka la viwanja juu ya picha ya satelaiti, anakuta nyumba zimekaa katikati ya barabara, halafu anazisukuma kwa kipanya mpaka "zikae vizuri". Hapo ameharibu kabisa. Kosa halijasahihishwa, limefichwa, na atakayerithi faili hilo hana pa kulishikia.

Mtego wa pili angalau unajionyesha wenyewe. UTM, utaratibu wa kutaja mahali kwa mita badala ya nyuzi, imeigawa dunia katika kanda za nyuzi 6, na mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya 36 mashariki, inayopita mashariki kidogo ya jiji la Dodoma. Kwa hiyo reli ya SGR inaondoka Dar es Salaam ikiwa kanda ya 37 na kuingia Dodoma ikiwa kanda ya 36. Kwa Wakenya, Nairobi iko ya 37 na Kisumu ya 36. Ukisoma namba za kanda moja kana kwamba ni za nyingine, kipande cha reli kitarukia zaidi ya kilomita 600 kutoka mahali pake, na hilo hata asiye mtaalamu ataliona.

Kuhusu utafiti wenyewe, mfano ninaoupenda uko Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Tandale ilikuwa imekwisha kuchorwa mwaka huo huo na wanafunzi wakishirikiana na wakazi. Kuanzia 2015 kazi ya namna hiyo ikapanuliwa kupitia Ramani Huria, mradi ulioungwa mkono na Benki ya Dunia na kuwashirikisha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ramani zake zikawekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni, ambako yeyote anaweza kuzichukua.

Droni ilionyesha paa, njia na kingo za mto, na ilihitajika kweli: pikseli, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ya satelaiti ya bure ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, na nyumba ya uswahilini inaweza kumezwa yote na pikseli moja. Lakini droni haioni kina cha mtaro uliozibwa na taka, wala haijui shina hili, yaani kikundi cha nyumba chini ya mjumbe mmoja, linaishia ukuta gani. Hayo yanataka kutembea na mjumbe. Kila mtaro unapimwa upana na kina, na inaandikwa kama ni wa zege au wa udongo. Mkazi ukimuuliza maji yalifika wapi, hakutajii sentimita. Anagusa goti, au anaweka kiganja ukutani juu ya alama ya tope. Mwanafunzi anachomoa futi na kupima kutoka sakafuni. Kwangu mimi huo ni utafiti kamili, hata kama bango lake halina rangi nyingi.

Neno moja kwa mwenye kiwanja, maana naye huja kuuliza. Simu yako, mahali peupe, hukosea kwa mita kama 5, na katikati ya maghorofa ya Kariakoo hukosea zaidi. Inatosha kumwelekeza bodaboda. Usiitumie kusogeza bikoni wala kugombana na jirani. Mpaka wa kiwanja hupimwa kwa vifaa vya usahihi wa sentimita, na upimaji unaoingia kwenye hati ni wa mpima ardhi aliyesajiliwa.

Ajira zipo, tena nyingine ziko mahali ambapo wanafunzi hawatazami. Sensa ya 2022 isingefanyika bila kutenga maeneo ya kuhesabia watu. Mamlaka za maji zinahitaji kujua mabomba yao yamepita wapi, mashirika ya umeme nguzo zao zimesimama wapi, na urasimishaji wa makazi unakula wapima kila siku. Ila nisiwadanganye: kazi nyingi za mashirika ni za mkataba wa mradi, na mradi ukifungwa, nawe unafungasha. Ndiyo maana nawashauri wahitimu wa jiomatiki, yaani taaluma ya upimaji na ramani, wafuatilie usajili wa kitaaluma mapema badala ya kukusanya vyeti vya semina. Anayetaka kuishi kwa droni aanze na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kutafuta mteja.

Wazazi wa kidato cha nne huuliza mtoto achague masomo gani. Jiografia ni nzuri, lakini asiiache hesabu. Wengi tunaowapoteza mwaka wa kwanza hushindwa na hesabu, wala si kompyuta.