Kamera Kubwa, Mbona Haivuti?

Hapa Nakuru, mtu aliyenunua DSLR yake ya kwanza (kamera kubwa yenye kioo cha ndani na lenzi ya kubadilisha) akinijia na lalamiko, mara nyingi si la uzito wala la bei. Ni hili: "Mbona haivuti?" Kamera yake ndogo ya mfukoni ilikuwa imeandikwa 30x, yaani inavuta mara thelathini, na akisimama Baboon Cliff, kwenye mwamba ulio juu ya Ziwa Nakuru, alimvuta nyati aliye kule chini ufukweni hadi akajaa kwenye kioo. Sasa ametoa pesa nyingi zaidi, lenzi iliyokuja na kamera ni ya milimita 18-55, inavuta mara tatu tu, na nyati amebaki nukta.

Hajapunjwa. Siri iko kwenye sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuunda picha. Kamera nyingi za mfukoni zina sensa ya takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Ya Canon za bei nafuu, kama EOS 2000D, ni milimita 22.3 kwa 14.9, yaani eneo lake ni karibu mara kumi na mbili. Sensa ndogo hutosheka na lenzi fupi na bado ikavuta mbali. Kufikia mvuto ule wa 30x kwenye Canon hiyo utahitaji lenzi ya milimita 450 hivi, mzigo ambao huenda ukagharimu kuliko kamera yenyewe. Kwa hiyo kama shida yako ni heroe na vifaru peke yake, usiiuze ile ndogo bado.

Ulichonunua ni mwanga, kwa kuwa sensa kubwa hupokea mwingi zaidi. Ingia msitu wa Kakamega saa nne asubuhi: nje jua kali, chini ya miti giza. Au ukumbi wa harusi jioni, taa mbili tatu za manjano. Kamera ya mfukoni ikipandishwa ISO (wepesi wake wa kuhisi mwanga) hadi 1600 huleta chenga tupu. DSLR kwenye ISO hiyohiyo inakupa picha ya kuchapisha na kutundika sebuleni.

Lakini sensa kubwa ina masharti, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kamera ndogo ilionyesha karibu kila kitu vizuri, kuanzia viatu vyako hadi ukingo wa kreta ya Menengai. Hii mpya inachagua kitu kimoja na kuacha vingine vififie, na ukiiachia ichague yenyewe itachagua vibaya. Ukichungulia kwenye tundu la kutazamia, 2000D ina vituo 9 vya fokasi (alama za mahali kamera inapoweza kulenga ili patoke safi), Nikon D3500 ina 11, na vyote vikiwa wazi kamera hupenda kukamata kilicho karibu zaidi. Ile ndogo ilikuwa ikitafuta nyuso. Ndiyo maana maua ya bibi harusi yanatoka safi huku uso wake una ukungu. Zima vituo vyote ubaki na cha katikati, kiweke kwenye jicho, bonyeza kitufe cha kupigia nusu na ukishikilie, panga picha yako bila kusogea mbele wala nyuma, kisha piga.

Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera nacho kina mazoea yake: hudhani kila unachokielekezea kina wastani wa kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na gauni linatoka kama halijafuliwa. Kwaya iliyovaa joho jeusi, inaongeza, na joho linapauka. Bwana harusi mweusi akisimama mbele ya anga ya saa sita, utapata kivuli chenye tai. Tafuta kitufe cha +/-, cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha. Gauni, anza na +1, majoho, -1, huyo bwana, +1 au zaidi, na anga iungue kama inataka. Wako walimu wanaomsukuma mwanafunzi kwenye M, apange kila kitu kwa mkono, siku ya kwanza. Mimi sikubaliani nao. Kitufe hiki kwanza.

Ukipata pesa tena, usikimbilie bodi mpya. Nunua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi hufunguka zaidi). Lenzi yako ya 18-55 ikivutwa mwisho hufunguka hadi f/5.6 tu, f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi. Mwenye Canon achukue yoyote ya aina ya EF. Mwenye Nikon za familia ya D3000 au D5000 awe macho: bodi hizo hazina mota ya fokasi, hivyo lenzi lazima iwe na mota yake, na kwa hii ya 50 ya Nikon tafuta iliyoandikwa AF-S. Ile ya zamani yenye herufi D itaingia vizuri kabisa, halafu utazungusha fokasi kwa mkono harusi nzima.

Kubadilisha lenzi, zima kamera, elekeza mdomo chini, na kama ni Januari na vumbi letu, fanyia ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa.

DSLR za mtumba zimeshuka bei kwa sababu Canon na Nikon wamehamia kamera zisizo na kioo cha ndani. Ukienda kukagua moja, weka f/16, piga anga tupu, kisha kuza picha kwenye skrini. Madoa yanayokaa palepale kila picha ni uchafu juu ya sensa. Mengi husafishika kwa fundi, kwa hiyo yatumie kushusha bei. Mikwaruzo haisafishiki, hiyo mrudishie mwenyewe.