Volti 12 zikisomeka 9.98: pima kwanza kabla ya kubadilisha pawa saplai

Programu ya kufuatilia hali ya kompyuta ikionyesha kuwa laini ya volti 12 iko 9.98, usikimbilie dukani. Kiwango cha ATX, yaani kanuni za pawa saplai za kompyuta za mezani, kwa kawaida kinairuhusu laini hiyo kuyumba kwa asilimia 5 tu, yaani kati ya 11.40 na 12.60. Kompyuta inayofanya kazi siku nzima bila kuzimika huku ikisoma 9.98 kwa kawaida ina tatizo la kipimo. Wala si umeme wa ukutani kushuka chini ya 230 jioni, jambo linalolaumiwa sana hapa Dodoma: pawa saplai isiyo na hitilafu hurekebisha kushuka huko, na upande wa volti 12 hautikisiki.

Chanzo kiko kwenye ubao mama. Chipu ya vihisi, kwa mfano IT8712, hupokea takriban volti 4 tu. Kwa hiyo rezista mbili huigawa volteji kabla haijaifikia, na programu huzidisha ili kurudisha thamani halisi. Rezista za kilo-omu 30 na 10 zinataka kizidisho cha 4. Mtengenezaji akiweka rezista nyingine, programu haina namna ya kujua.

Weka maltimita kwenye DC, volti 20. Proba nyeusi iguse waya mweusi na nyekundu iguse waya wa njano, kwa nyuma ya plagi ya pini 24 ikiwa imechomekwa. Nyaya zote zikiwa nyeusi, volti 12 ziko pini ya 10 na 11. Kuwa mwangalifu sana: ncha ikigusa pini mbili kwa pamoja, ubao unaweza kuungua. Sanduku la pawa saplai usilifungue kabisa, kwani kapasita zake hubaki na chaji hata waya ukichomolewa.

Tuseme maltimita inasoma 12.08. Kwenye Linux, faili la in4_input ndani ya /sys/class/hwmon hutoa milivolti zilizofika kwenye chipu, tuseme 2496. Gawanya 12.08 kwa 2.496, upate 4.84. Kisha andika haya kwenye faili ndani ya folda ya /etc/sensors.d:

chip "it8712-*"
label in4 "+12V"
compute in4 @*4.84, @/4.84

Kwenye HWiNFO, programu ya Windows ya kusoma vihisi, hesabu ni nyingine, na hapa wengi hukosea. Namba unayoiona imeshazidishwa, hivyo gawanya 12.08 kwa 9.98: kizidisho ni 1.21.

Usitafute ulinganifu wa nukta kwa nukta. Chipu hii husoma kwa hatua za milivolti 16. Ukizidisha kwa 4.84, kila hatua ni karibu volti 0.08.

Mwisho, pima tena kompyuta ikiwa imetulia, kisha ikiwa na kazi nzito, ukisoma maltimita na skrini kwa wakati mmoja. Zikishuka pamoja, kizidisho kiko sawa. Maltimita yenyewe ikishuka chini ya 11.40, pawa saplai imechoka. Ibadilishe, na kizidisho usikiguse: kurekebisha mizani sokoni hakuongezi zabibu.