Goti haliuliwi na spidi, na bamia hailiponyi

Ikionyeshwa Olimpiki ya baridi, mabanda umiza ya Mtwara ubishi ni ule ule, eti wale wa skii, wanaoteremka theluji na mbao mbili ndefu miguuni, wanapasua magoti kwa sababu ya spidi. Spidi inavunja, sawa, yule Mmarekani wa skii Lindsey Vonn alianguka Schladming kule Austria 2013 kwenye mashindano akachana ligamenti mbili za goti, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, na mfupa wa muundi ukapasuka juu. Ila watu wa kawaida wanaoenda kuteleza likizo wengi wanachana ACL, ligamenti ya katikati ya goti, wakiwa wanaenda taratibu tu, balansi inapotea, makalio yanashuka nyuma mpaka chini ya magoti, skii ya mguu wa upande wa bondeni inakamata theluji kwa ukingo wa ndani, muundi unazunguka huku paja limebaki palepale. Basi, ligamenti imekwenda. Kinachoua goti ni kule kuzunguka mguu ukiwa umenasa, na hilo linatokea pia njumu zikikamata nyasi pale uwanja wa Nangwanda Sijaona halafu mchezaji akageuka ghafla.

Wengine wanasema buti likifyatuka kwenye skii goti liko salama. Hapana. Kile kibano kinachoshika buti kwenye skii kilitengenezwa kulinda muundi, na kweli tangu miaka ya 1970 kuvunjika kwa muundi kumepungua sana, lakini ule mzunguko wa taratibu wa kuangukia nyuma mara nyingi hakiusikii.

Na snoubodi je, si miguu yote imefungwa kwenye ubao mmoja? Ndiyo, na ndiyo maana goti linasalimika zaidi, mguu mmoja hauwezi kwenda kushoto mwingine kulia. Vinavyovunjika huko ni vifundo vya mikono kwa kuangukia viganja, na enka, kuna kamfupa ka enka kanapasuka watu wakidhani ni tegu tu. Hapo na sisi jamani tuangalie, kijana kavimba enka anapelekwa kukandwa na kuvutwa siku hiyo hiyo. Akishindwa kutembea hata hatua nne apigwe eksirei kwanza.

Sasa bamia. Lindi na Mtwara nzima goti likilia "ka" unaambiwa ute umeisha, kula bamia, au supu ya makongoro. Mie bamia naipenda na ni chakula kizuri ila ule utelezi wake unaishia tumboni, hauna njia ya kufika kwenye goti. Ute wa goti unatengenezwa na utando ulioko ndani ya goti lenyewe, na gegedu, ule mfuniko laini wa ncha za mifupa, haina mishipa ya damu, inapata chakula chake kutoka kwenye huo ute pale goti linapokunjwa na kukanyagiwa, kwa hiyo kumkalisha mzee kwenye mkeka miezi mizima eti apumzishe magoti ni kulinyima goti chakula. Mlio bila maumivu wala uvimbe mara nyingi ni mapovu ya hewa tu. Kama kuna uvimbe, au goti linakwama au linaachia, nenda hospitali.

Halafu kuna hii ya balansi kuwa ya kuzaliwa nayo, eti wazungu wa baridi wanayo sisi hatuna. Sabrina Simader kazaliwa Kilifi, kakulia Austria, akaiteremkia Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018. Balansi inatoka kwenye macho, sikio la ndani na vihisio vya kwenye viungo na misuli, na vyote hivyo vinafundishika, simama mguu mmoja unapopiga mswaki, ukizoea fumba macho.

Kwa mpira wapo FIFA na ile programu yao ya kupasha ya 11+, ipo tangu 2006, ni dakika kama 20 na inapunguza majeraha kweli, makocha wetu wanairuka kwa sababu vijana wanataka mpira mara moja. Naumia zaidi kwa mabinti wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, maana wanawake wanachana ACL zaidi ya wanaume na wengi hawajawahi kufundishwa kutua. Mwalimu, mwambie aruke, atue kwa miguu miwili magoti yamekunjwa, wewe simama mbele yake uangalie: magoti yakikimbilia ndani yakataka kugusana, msimamishe hapo hapo, arudie mpaka yafuate vidole vya miguu, ndipo umpe mpira.