Maana ya kubadilisha mtutu wa bunduki ya kuwindia, na kwa nini uulize msokoto kwanza

Mtutu wa bunduki huisha kama tairi linavyoisha. Kitako kizima, bolti (kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi ndani) inateleza vizuri, darubini haina hata mkwaruzo, lakini risasi zimeanza kutawanyika. Kubadilisha mtutu ni kuufungua ule wa zamani kutoka kwenye bodi ya bunduki, ambako umekazwa kwa uzi kama bomba la maji kwenye soketi, na kuweka mpya mahali pake. Hapo mwenye bunduki anapata kuchagua upya mambo ambayo siku ya kununua alichaguliwa na kiwanda: risasi gani itumike, mtutu uwe na urefu na uzito gani, na mifereji ya ndani ijisokote kwa kasi gani, yaani msokoto.

Mjomba wangu wa Tabata amewinda kwa leseni tangu sijazaliwa. Bunduki yake ni Mauser ya muundo wa 1898 yenye mtutu wa .243, yaani kaliba, kipenyo cha risasi yake kwa inchi. Alipoambiwa umeisha alinipigia simu: "Mjomba, niweke risasi gani sasa?" (Kwetu neno hilo linakwenda pande zote mbili, yeye kwangu na mimi kwake.) Nilimjibu kwamba swali lake ni la tatu au la nne katika foleni, na maelezo yake ndiyo haya.

Kwanza tuelewane mtutu unaishaje. Wengi hudhani ni risasi inayosugua chuma. Kinachokula zaidi ni moto. Baruti ikiwaka, gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000 inapita kwa kasi kwenye koo la mtutu, pale mbele tu ya chemba, yaani chumba inamokaa risasi, ambapo mifereji inaanzia. Fundi alituonyesha koo la .243 ya mjomba kwa kamera nyembamba ya waya. Chuma kilichokuwa laini kilikuwa kimepasukapasuka vipande vidogo vya pembe nyingi, sawasawa na udongo mweusi wa mbuga mwezi wa kumi kabla ya mvua. Mjomba alitazama kioo kile kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Kwa hiyo risasi yenye baruti nyingi na tundu dogo hula mtutu haraka. Mtutu wa .308 Winchester unaweza kupita risasi 5,000 ukiwa bado na shabaha ya kutosha kuwindia. Wa .300 Winchester Magnum au 7mm Remington Magnum (magnum ni risasi zilizojazwa baruti nyingi) mara nyingi huanza kuchoka kati ya 1,000 na 2,000.

Sasa msamiati, maana neno "risasi" tunalibebesha vitu vingi. Risasi kamili ina ganda la shaba, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Namba kama .308 ni kipenyo cha kichwa kwa inchi. Namba kama 7x57 ni kipenyo cha 7 na ganda la urefu wa 57, zote kwa milimita. Lakini majina si vipimo kamili kila mara. Kichwa cha .30-06 kina kipenyo kilekile cha .308, na hiyo 06 ni mwaka 1906 jeshi la Marekani lilipoipokea.

Jambo la kwanza kuuliza ni bunduki yenyewe inakubali nini. Uso wa bolti umechongwa kushika kitako cha ganda cha kipenyo fulani. Mauser ya mjomba inashika kitako cha milimita 12, na kipimo hicho kinabeba familia kubwa: .243, .308, 7x57, .270, .280, .30-06, hata 9.3x62 ambayo Otto Bock wa Berlin aliibuni mwaka 1905 kwa ajili ya Wajerumani waliokuwa Afrika na Mauser zao. Magnum nyingi zina kitako cha milimita 13.5. Kuzihamia ni lazima bolti ichongwe upya au ibadilishwe, na magazini nayo ipate urefu wa kutosha. Mimi sipendi kazi hiyo kwenye bunduki ya zamani iliyo nzima. Unapoanza kupunguza chuma kwenye sehemu inayozuia mlipuko usirudi usoni kwako, uwe na sababu kubwa kuliko tamaa ya kasi.

Jambo la pili ndilo moyo wa habari yote: msokoto.

Gobore la mababu lilikuwa na mtutu laini ndani, likirusha gololi isiyozunguka. Mtutu wa bunduki ya kisasa una mifereji iliyojisokota, inayoshika kichwa na kukizungusha kama pia ya watoto. Pia hiyo ikizunguka kwa kasi inasimama wima, ikipungua inayumba. Kichwa cha risasi ni vivyo hivyo hewani. Msokoto hutajwa kwa umbali ambao mfereji unamaliza mzunguko mmoja: "msokoto wa 8" maana yake mzunguko mmoja kila inchi 8, yaani milimita 203, na namba ikiwa ndogo msokoto ni mkali zaidi. Kichwa kikitoka kwenye mtutu huo kwa mita 820 kwa sekunde, kinazunguka zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde.

Kinachodai msokoto mkali ni urefu wa kichwa ukilinganishwa na unene wake. Uzito wenyewe hauhusiki sana. Vichwa vya masafa marefu ni virefu na vyembamba ili vipenye upepo, kwa hiyo vinadai mzunguko zaidi. Mjomba aliujua ukweli huu kwa hasara. Miaka kadhaa nyuma aliambiwa vichwa virefu vya greni 105, kama gramu 6.8, "vinakata upepo". Akavitia kwenye .243 yake yenye msokoto wa 10. Kwenye karatasi ya shabaha matundu hayakuwa duara. Yalikuwa yamerefuka kama mbegu za tikiti, mengine yameinama huku, mengine kule. Vichwa vilikuwa vinafika vimelala ubavu.

Mwaka 1879 Mwingereza Alfred George Greenhill alitoa kanuni ambayo unaweza kuipiga kwa kalkuleta ya simu: zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa 150, gawanya kwa urefu wa kichwa, na jibu ndilo umbali wa mzunguko mmoja kichwa hicho kinaoudai. Kwa risasi za kasi kubwa huwekwa 180 badala ya 150. Kichwa cha mjomba kilikuwa na kipenyo cha milimita 6.17 na urefu wa kama milimita 32. Kwa 180 jibu ni takriban milimita 214, kama inchi 8 na nusu. Mtutu wake ulikuwa wa milimita 254. Hakikuwa na njia ya kusimama.

Soko nalo limewahi kufundishwa somo hilo. Mwaka 1955 kampuni ya Remington ilileta risasi ya .244 ikishindana na .243 ya Winchester. Ganda la Remington lilikuwa na nafasi kubwa kidogo ya baruti, lakini msokoto wake ulikuwa wa 12, na vichwa vizito vya greni 100 walivyovitaka wawindaji havikusimama vizuri kama kwenye msokoto wa 10 wa mshindani. Mwaka 1963 risasi hiyohiyo ilirudi kwa jina la 6mm Remington na msokoto wa 9, ila wanunuzi walikwisha hamia upande wa pili.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo watu hulisahau. Hewa ya Dar es Salaam, usawa wa bahari, ni nzito kuliko ya Arusha iliyo juu kama mita 1,400. Kichwa kinachosimama kwa shida kule juu kinaweza kuyumba huku pwani. Ukichagua msokoto, chagua unaotosha mahali pa chini kabisa utakapowinda.

Urefu na uzito wa mtutu sitavikalia sana. Kila inchi unayokata hupunguza takriban mita 6 hadi 10 kwa sekunde, na magnum hunufaika zaidi na mtutu mrefu. Sentimita 61 zinatosha risasi za kawaida, 66 huwekwa kwa magnum. Mtutu mnene huchelewa kupata moto, lakini utaubeba siku nzima kwenye vichaka vya Selous, na mkono uliochoka hautulii.

Ufundi ndipo nisipotaka mzaha. Fundi wa kukereza pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, atakutolea shafti ya pampu safi kabisa, na namheshimu. Lakini tairi la gari dogo lina mgandamizo wa kama bar 2, na chemba ya .30-06 hufika karibu bar 4,000. Baada ya kukazwa, chemba lazima ipimwe kwa geji mbili: bolti ifunge juu ya ya kwanza na igome juu ya ya pili. Nafasi ikizidi, ganda linaweza kukatika ndani. Hiyo ni kazi ya fundi bunduki mwenye kibali. Na kwa kuwa leseni inataja aina ya silaha, kaliba na namba yake, anayetaka kubadilisha kaliba anaanzia Polisi, kabla hata ya kuagiza mtutu.

Mjomba alikuwa anaitamani 7mm Remington Magnum. Tulikaa barazani na kahawa tukaanzia mwisho: anawinda kongoni, nyumbu na swala, maana nyati hapa kwetu huanzi chini ya .375, na hapigi mnyama aliye mbali zaidi ya mita 300 kwa sababu hana hakika ya kumwangusha papo hapo. Hilo nalipenda kwake kuliko shabaha yake. Bolti yake ni ya milimita 12. Dukani alikuta .30-06 rafuni. Kichwa alichokitaka kina kipenyo cha milimita 7.82 na urefu wa kama 33. Hata kwa 150, ambayo ndiyo tahadhari kubwa zaidi, Greenhill anatoa milimita 278. Msokoto wa 10, uleule uliomwangusha kwenye .243, hapa unatosha na kubaki, kwa kuwa kichwa ni kinene.

Akaweka .30-06, mtutu wa sentimita 61. Wiki ya kwanza ya kuujaribu alinitumia picha ya karatasi kwa WhatsApp: matundu matatu, umbali wa mita 100, yote yanafunikwa na sarafu ya shilingi 200. Chini aliandika, "Mjomba, angalia, duara."