Siki Haishiki Rangi

Wiki iliyopita mteja aliniwekea mezani foronya nne alizozichapa mwenyewe kwa rangi ya nguo. Pamba tupu, stensili (plastiki yenye matundu ya mchoro) ya majani iliyokatwa kwa mkono uliotulia, kazi ya siku mbili nzima. Bluu iliyokuwa imekolea ilikuwa imebaki kama kivuli, na sehemu nyeupe zilikuwa na ukungu wa samawati kila mahali. Nilimuuliza alifanya nini baada ya kuchapa. "Nilizilaza kwenye maji ya chumvi na siki, mwalimu, ili rangi ishike."

Jibu hilo nimelisikia kwa wanaoanza, kwa wenye uzoefu, hata kwa watu wanaofundisha wenzao. Kila mara linakuja na kitambaa kilichoharibika. Kwa hiyo leo naliandika kwa urefu, na imani nyingine potofu za uchapaji wa vitambaa nitazipitia kwa haraka.

"Chumvi na siki hushikisha rangi"

Kwa pamba, kitani na viskosi (uzi wa kiwandani unaotokana na miti), tunaochapa kwa rangi ya kutia tunatumia rangi za riaktivu. Rangi hizi hazigandi juu ya uzi kama rangi ya kupaka. Molekuli ya rangi inaungana na molekuli ya selulosi, kitu kinachojenga nyuzi za mimea, zinakuwa kitu kimoja, na ndiyo maana kitambaa kinabaki laini na rangi inavumilia kufuliwa miaka. Lakini muungano huo unahitaji alkali, kinyume cha asidi, kwa pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 10.5 hadi 11 hivi. Alkali hiyo inatoka kwenye magadi ya kufulia. Siki ni asidi. Ukiimwaga juu ya magadi, moja inaua nguvu ya nyingine, na rangi ambayo ilikuwa katikati ya kujifunga inaachwa ikielea. Yule mteja wangu alitoa stensili, akasubiri saa moja, akatumbukiza foronya kwenye siki. Aliisimamisha kazi kwa mkono wake mwenyewe, kisha yale maji yakaisambaza rangi iliyokuwa haijafunga hadi kwenye sehemu nyeupe. Ule ukungu wa samawati ulitoka humo.

Siki ina mahali pake. Sufu, hariri na nailoni hutiwa rangi za asidi ndani ya maji ya moto, na huko asidi kama siki ni ya lazima. Mtu aliona shangazi yake akitia siki kwenye sufu, akabeba somo hilo hadi kwenye pamba. Uzi umebadilika, rangi imebadilika, siki imebaki ile ile.

Chumvi nayo ina historia yake. Ndani ya beseni, uso wa pamba hubeba chaji hasi, na rangi nayo hubeba chaji hasi, hivyo vinasukumana. Chumvi nyingi hupunguza msukumano huo na rangi huhama kutoka majini kwenda kwenye uzi. Hiyo ndiyo kazi yake yote: kuhamisha, si kufunga. Kwenye stensili hakuna beseni. Umeiweka rangi kwa brashi pale pale unapoitaka, imeshafika. Chumvi haina cha kuhamisha.

Na tukumbuke umri wa mambo haya. Rangi za riaktivu ziliingia sokoni mwaka 1956 kupitia kampuni ya ICI ya Uingereza, karne nzima baada ya mkemia Mwingereza William Perkin kugundua zambarau yake ya maabara mwaka 1856. Ushauri wowote wa kushikisha rangi ulio mkongwe kuliko 1956 ulihusu rangi nyingine. Unaweza kuwa ushauri mzuri sana kwa rangi hizo, lakini haukutungwa kwa kopo lililo mkononi mwako.

Kinachoifunga rangi ya riaktivu ni magadi, unyevu, na muda kwenye joto la kutosha. Magadi unaweza kuyatia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuyachanganya kwenye rangi yenyewe dakika za mwisho kabla ya kuchapa. Inafanya kazi, ila tangu magadi yaingie, rangi inaanza pia kuungana na maji, na rangi iliyoungana na maji haitaungana tena na uzi. Baada ya saa nne hivi mchanganyiko umechoka. Ya pili, ambayo mimi nawasisitizia wote, ni kuloweka kitambaa kwanza kwenye maji ya magadi, gramu 60 hadi 70 kwa lita, robo saa tu, kisha kukianika hadi kikauke. Usikipige pasi kikiwa na magadi, kitaungua na kuwa cha kahawia. Ukishakuwa na kitambaa kikavu chenye magadi, rangi yako haina haja ya kuwa nayo, na unaweza kuchapa polepole bila kukimbizana na saa. Mtu mwenye seti ya mapazia ya kuchapa hawezi kuimaliza kwa saa nne, na seti ikianza na rangi kali ikaishia na rangi iliyochoka, tofauti itaonekana siku ya kuyatundika.

Kisha unyevu. Hapa ndipo hata wanaojua magadi wanapoanguka. Rangi ikikauka, kazi ya kuungana inasimama, hata kama magadi yapo. Ndiyo sababu tunatia yurea kwenye mchanganyiko, gramu 100 hivi kwa lita ya maji, kwa kuwa yurea hushika unyevu. Ukimaliza kuchapa, subiri mchoro usiwe wa kupakaza, kisha funika kwa plastiki, kunja kitambaa na plastiki yake pamoja ili sura zisigusane, na ukiache saa 24 mahali pasipopungua nyuzijoto 21. Pakiwa na joto zaidi ni vizuri zaidi. Rangi ya feruzi huunganika polepole kuliko nyingine, kwa hiyo ipe joto na muda wa ziada. Watu huanika juani mara moja kwa sababu jua "linakausha vizuri". Linakausha, ndiyo. Na kukausha ndiko tunakokukwepa.

Hayo yote yakifanyika, usiku ule siki ibaki jikoni.

"Magadi ni magadi"

Hapana. Magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, ndiyo yanayofikisha pH tunayoitaka. Magadi ya kuokea ni bikaboneti, na yakiyeyuka kwenye maji ya kawaida hufika pH ya 8 na kitu. Hayatoshi. Wachapaji wanaofukiza kitambaa kwa mvuke huweza kutumia bikaboneti, kwa sababu joto la mvuke huigeuza kuwa kaboneti. Kama huna mvuke, tafuta ya kufulia yasiyo na sabuni wala manukato.

"Rangi ikivuja, stensili ni mbovu"

Mara nyingi stensili haina kosa. Rangi ya kutia ni maji, na maji hupanda kwenye uzi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Hata ukikandamiza plastiki kwa mawe, uzi ulio chini yake utayavuta. Dawa ni kuifanya rangi iwe nzito na kuitumia kidogo.

Uzito huo unatoka kwa alginati, unga unaotokana na mwani wa kahawia. Changanya ifikie uzito wa asali, na uiache ilale usiku ili mabonge yayeyuke. Wengi hunijia wamepika uji wa wanga badala yake. Nawaelewa, wanga upo kila nyumba na unaonekana mzito vilevile. Lakini wanga ni jamaa wa karibu wa selulosi, na rangi ya riaktivu haiwezi kutofautisha. Inaungana na wanga kwa furaha ile ile. Ukifua, ama wanga unaondoka na rangi yako, ama unabaki umefungwa kwenye kitambaa, na mto wa kochi unakwaruza shavu. Alginati haiungani na rangi, kwa hiyo hutoka yote.

Kuna anayesema Wajapani huchapa kwa ubandiko wa mchele. Ni kweli, na stensili zao za katagami, za karatasi ya mforosadi iliyoimarishwa kwa maji ya tunda la pasimoni, ni kazi ninayoiheshimu mno. Lakini katika ufundi wao wa katazome, ubandiko ule hupitishwa kwenye stensili ili kuizuia rangi. Ubandiko ni ukuta, rangi huja baadaye kuzunguka ukuta huo. Sisi hapa tunauliza ubandiko uibebe rangi. Ni kazi mbili zinazopingana.

Kuhusu mkono: chovya ncha ya brashi, kisha ipangusie kwenye karatasi mpaka ikaribie kuwa kavu. Gonga wima, usipake kwa kuvuta, maana kuvuta kunasukuma rangi chini ya ukingo. Anzia kwenye plastiki ya stensili uingie ndani ya tundu. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nene kila siku. Kwa vitambaa vyenye ufumaji mwembamba, mimi huongeza gundi nyepesi ya kupulizia mgongoni mwa stensili. Na kama unachapa foronya iliyokwisha kushonwa, ingiza ubao uliofungwa plastiki ndani yake, la sivyo ua litajitokeza upande wa pili.

"Kitambaa kipya ni kisafi"

Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, mafuta ya mashine, na pengine dawa ya kuzuia madoa au mikunjo. Wanga nimeshaueleza. Mafuta hukataa maji, na rangi inakaa kwa mabaka. Fua kwa maji ya moto, sabuni na kijiko cha magadi ya kufulia, suuza, usitie kilainishi. Kisha dondosha tone la maji juu yake. Likizama mara moja, endelea. Likikaa juu kama shanga, fua tena, na likiendelea kukaa baada ya mara mbili, kitambaa hicho kina dawa ambayo huna namna ya kuitoa nyumbani. Kitumie kwa jambo lingine.

"Nyeupe yoyote inafaa, na pasi ya moto itamalizia"

Poliesta haina selulosi. Rangi ya riaktivu na magadi yake yote itatoka kwenye sinki. Poliesta hutaka rangi za dispersi na joto kubwa, nyuzijoto 130 hivi kwenye mashine yenye mgandamizo, au karibu 200 kwa kuhamisha mchoro kutoka kwenye karatasi. Mapazia mengi ya dukani ni poliesta au mchanganyiko, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu hutoa rangi iliyopauka kwa sababu nusu ya nyuzi imekataa. Choma uzi mmoja kwa uangalifu: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Pasi ni ya rangi ya kupaka, ile yenye gundi ndani yake inayokaa juu ya uzi na kuhitaji joto ili gundi ikomae. Rangi hiyo ni halali kabisa, na kwa poliesta ndiyo ninayowashauri watu waitumie nyumbani. Ila usichanganye masharti ya moja na ya nyingine.

"Rangi ya njano itaonekana tu juu ya bluu"

Rangi ya kutia ni angavu kama kioo cha rangi. Njano juu ya bluu ni kijani. Nyeupe haipo. Ukitaka mchoro mweupe juu ya kitambaa cheusi, ama tumia rangi ya kupaka yenye kufunika, ama ondoa rangi iliyopo kwa ubandiko wa kung'oa rangi. Na tafadhali, ukiondoa rangi kwa dawa ya klorini, isiguse hariri wala sufu. Haifanyi weupe huko, inayeyusha uzi.

"Rangi ikitoka kwenye mfuo wa kwanza, imegoma"

Lazima itoke. Sehemu ya rangi huungana na maji badala ya uzi, na hiyo haina budi kuondoka. Suuza kwanza kwa maji baridi mengi hadi utelezi wa alginati na magadi uishe. Ukianza na maji ya moto wakati magadi yangali humo, rangi iliyolegea inaweza kuchafua sehemu nyeupe. Kisha maji ya moto, nyuzijoto 60 au zaidi, na sabuni, mara mbili au tatu. Ili kujua kama umemaliza, weka kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya mchoro na upige pasi. Cheupe kikibaki cheupe, tundika pazia lako. Kikichukua rangi, rudi kwenye maji ya moto.

Na kuna imani moja ambayo haiharibu kitambaa, inamharibu mtu: kwamba rangi za nguo hazina madhara kwa kuwa si sumu ya kunywa. Unga wa rangi za riaktivu ukivutwa puani mara kwa mara unaweza kuufanya mwili uukatae, na pumu inayotokana na hapo hurudi kila unapokaribia unga huo. Nimemwona fundi mzuri akiacha kazi aliyoipenda kwa sababu hiyo. Vaa barakoa ya vumbi yenye kubana sawasawa unapopima na kukoroga, tandaza gazeti lenye unyevu chini ya kopo, zima feni na ufunge madirisha kwa dakika hizo chache. Ukishayeyusha unga kwenye maji, barakoa unaweza kuivua. Glavu zibaki hadi mfuo wa mwisho.